Kunguru Alikula

Mwalimu Crispus Ndirangu alifika Kizingitini mwaka wa 1965 akiwa na sanduku la mbao, taa ya karabai na aibu moja kubwa. Aibu yenyewe ilikuwa ya hadithi. Alipokuwa akifundisha kwao Nyeri, kabla hajaiona bahari hata siku moja, alitunga kisa cha upelelezi cha pwani na gazeti moja likakichapa. Wiki mbili baadaye msomaji wa Mombasa akaandika kuuliza: hiyo bahari ya Bwana Ndirangu, inayojaa mara moja kwa juma, iko nchi gani? Gazeti likaichapa barua hiyo nayo. Walimu wenzake wakamcheka muhula mzima, na mmoja akawa anamwuliza kila Jumatatu kama bahari imeshajaa. Ndipo akaapa kwamba hataandika tena jambo asilolipima, akaomba uhamisho aletwe huku ambako wenzake waliletwa kwa adhabu.

Na kupima alipima. Alipima milango ya watu kwa rula ya shule. Alihesabu hatua kutoka kisimani hadi msikitini, hesabu ikampotea, akarudi kisimani akaanza upya, huku kina mama wakimkata jicho wakidhani anawatafuta wao. Watu walimwona ana kasoro kidogo, lakini kasoro isiyodhuru mtu. Laiti ingekuwa hivyo.

Aliyemjibu maswali yake alikuwa Mselem Famau. Huyu alikuwa mvuvi wa kasa, mtu wa miaka hamsini na kitu, mmoja wa wachache waliobaki wanaovua kwa taza, yule samaki anayejibandika. Unamfunga kamba mkiani, unamwachia, anakwenda kujigandisha kwenye gamba la kasa, nawe unawavuta wote wawili. Mselem alikuwa ameingia darasa la watu wazima, lile la gumbaru, alilofundisha Mwalimu Ndirangu, na baada ya miezi sita alisoma herufi za Kizungu kama alivyosoma za Kiarabu tangu utotoni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na maradhi ya watu wanaojua mambo: hakuweza kusikia kosa akanyamaza, hata kama anayekosea ni imamu na yuko juu ya mimbari.

Mwalimu alipoanza kitabu chake kipya alimpa sura tatu za mwanzo azisome. Mselem alizirudisha kesho yake, zimejaa alama za kalamu ya risasi.

"Mwalimu, hapa umesema mashua imengia Kizingitini mai yametoka kabisa. Itangia kwa miguu? Mai yakitoka, mashua zetu hulala matopeni."

"Nitarekebisha, Mzee."

"Na hapa, tarehe saba ya mwezi umeweka bamvua. Bamvua, mai makuu, huya mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Tarehe saba ni mai mafu. Mtu wa Mombasa akisoma haya atakuandikia barua ya pili."

Mwalimu aliona haya, akafuta. Basi wakaenda hivyo mwaka na zaidi, mmoja akiuliza, mwingine akijibu, na wote wawili wakaona raha. Mselem alikuwa na sababu yake. "Nti hini imeandikwa na wageni wengi," alimwambia, "kila mmoja na uwongo wake. Wewe andika ya kweli, nasi tutakushika mkono." Maneno mazuri hayo. Mchimba kisima hungia mwenyewe, lakini anapochimba huwa anadhani anatafuta maji.

Jumamosi moja adhuhuri, wamekaa kibarazani kwa Mselem, Mwalimu akauliza juu ya nyama inayoua.

"Nimesikia kuna kasa ambaye mtu akimla hufa. Ni kweli, au ni maneno tu?"

"Kasa hana neno. Huyo ni ng'amba, nduuye kasa, mwenye gamba la kuuzwa. Mmoja katika wengi huwa na sumu, na kwa mato humjui. Ndiyo maana tuna kunguru."

Akamweleza. Mvuvi akimpasua ng'amba ufukoni, kabla nyama haijatoka mkononi mwake, humtupia kunguru kipande cha ini. Kunguru akila, nyama ni ya watu. Akisusa, mnyama anarudishwa baharini mzimamzima. Kazi hiyo ni ya aliyevua, si ya mwingine. Mpishi hajaribu tena wala haulizi, kwa kuwa kumwuliza mvuvi kama kunguru amekula ni sawa na kumwambia mtu usoni kwamba amekuja kukuua.

"Na imewahi kutokea mtu akafa hapa?" Mwalimu akauliza.

Hapo Mselem angeweza kusema hapana, akaomba radhi, akaenda zake kusali. Lakini swali lilikuwa na jibu, na yeye jibu alikuwa nalo. Akamhadithia kufa kwa shemeji yake Gharib, mume wa dada yake Mwanamkisi, mfungo mosi wa mwaka 1961. Mselem mwenyewe ndiye aliyeleta nyama ya ng'amba asubuhi. Mwanamkisi akaipika. Siku hiyo alikuwa amefunga, moja ya zile siku sita za baada ya Ramadhani, akaweka fungu lake la futari. Gharib alikula mchana. Alasiri mdomo ukaanza kumwaka moto, akatapika, na Mwanamkisi kwa hofu akaimwaga nyama iliyobaki shimoni akafukia. Siku ya tatu Gharib akazikwa.

"Na kunguru alikula?" Mwalimu aliuliza, kalamu mkononi.

"Alikula."

"Ulimwona kwa macho yako?"

"Nimwone kwa mato ya nani? Alikula."

Siku ya pili Mwalimu alirudi na daftari. "Samahani, Mzee, nataka nihakikishe. Yule kunguru alikula kweli, au alidonoa tu akaacha?"

"Alikula lote."

Kunguru hakula. Afadhali msomaji ajue sasa hivi kuliko kuzungushwa, maana Mselem alilijua jambo hili miaka yote hiyo na halikumfaa kitu. Asubuhi ile mvua ya masika ilikuwa ikimwagika, kunguru wote wamejificha, na yeye ana haraka ya kuiwahi mashua ya Faza. Alisimama na kipande cha ini mkononi, akatazama juu minazini, hakuona hata mbawa. Akakitupa matopeni. Alijiambia kwamba ameshavua ng'amba arubaini maishani mwake na hapana hata mmoja aliyekuwa na sumu. Kisha akampelekea dada yake nyama. Siku ya maziko watu walipomwuliza, alijibu maneno mawili: kunguru alikula. Watu wakasema basi ni kadari ya Mwenyezi Mungu, na maneno hayo yakamwokoa kila mtu siku ile, mvuvi na mjane pia. Wahenga wamesema njia ya mwongo ni fupi. Ya Mselem ilikuwa imeshakwenda miaka mitano na haijachoka.

Kitabu kilifika katikati ya mwaka 1967, kinaitwa *Chungu cha Mjane*. Wakati huo mji ulikuwa umejaa watu waliokimbia bara, Mkokoni na kwengineko, kwa ajili ya vita vya shifta. Mashamba yao yako ng'ambo wasikoweza kwenda, mikono haina kazi, masikio yako tayari. Ukurasa wa kwanza, chini ya jina la mtungaji, paliandikwa: "Shukrani kwa Mzee Mselem Famau wa Kizingitini, aliyehakikisha kila jambo la pwani lililomo humu." Mselem alitembea na kitabu kwapani siku nzima, akikifungua ukurasa huo huo kumwonyesha kila mtu. Hakuwa na haraka ya kusoma mbele. Sura tatu alikuwa akizijua, na zile nyingine Mwalimu alikwenda kuzimalizia Nairobi wakati wa likizo, kwa ushauri wa mchapishaji.

Waliomtangulia kusoma walikuwa barazani karibu na msikiti. Shee Mbwana, aliyesoma gumbaru pamoja na Mselem, alisoma kwa sauti baada ya alasiri, na mzee wa baraza alikuwa Maalim Lali, aliyewasomesha Kurani na hadithi za Mtume karibu wote waliokaa pale. Sasa sikiliza walivyosikiliza. Kwa watu hawa, uwongo wa kufurahisha hutolewa kwa mdomo, na bibi anayeutoa hukutangazia tangu neno la kwanza ili usije ukamdai. Kilichoandikwa kikatajiwa shahidi ni kitu kingine. Hicho hupimwa kwa aliyekisimulia: ukimkuta mkweli katika unayoyajua, utamwamini katika usiyoyajua. Maalim Lali alifundisha hivyo miaka thelathini, na siku ile alikifanyia kitabu cha Mwalimu Ndirangu heshima ile ile.

"Kutoka kisimani hadi mlango wa msikiti, hatua sitini na mbili," alisoma Shee.

Mtu mmoja akainuka akaenda kuhesabu, akarudi. "Sitini na mbili."

"Nyumba ya tatu baada ya kisima. Mlango wake umetiwa kiraka cha bati la buluu."

"Kweli," wakasema. Ulikuwa mlango wa Mwanamkisi.

Bamvua ilikuwa kweli. Kamba ya taza ilikuwa kweli, na urefu wake. Ile desturi ya ini ilikuwa kweli, neno kwa neno.

"Msimulizi huyu ni mkweli," Maalim Lali alisema. "Na shahidi wake twamjua. Endelea."

Shee akaendelea, akafika sura ya tisa. Ndani yake mpelelezi kutoka Nairobi amekaa ufukoni anafikiri. Kunguru alikula ini, akaishi. Basi nyama ilikuwa safi ilipotoka ufukoni. Kati ya ufuko na mdomo wa marehemu palikuwa na mkono mmoja tu. Mkono huo kwa nini ulichagua kufunga siku ile ile? Na kwa nini ukakimbilia kufukia nyama iliyobaki? Ukurasa wa pili mjane anakamatwa. Alikuwa ametia utupa chunguni, ule wa kulevya samaki.

Miaka sita hapana aliyewahi kufikiri jambo hilo, na sasa wakaona aibu kwamba limewapita, mpaka mgeni wa bara akaja kuwafikiria. Mmoja mmoja waligeuka kuutazama mlango wenye kiraka cha buluu.

Mwanamkisi alikuwa mpishi wa karamu. Hapakuwa na harusi wala hitima Kizingitini iliyopikiwa na mwingine, na watu wa Faza wakimtaka walimwandikia mapema. Jina lake lote lilikuwa mkononi mwake. Baada ya sura ya tisa hakuna aliyemtukana, na wala hakuna aliyemwuliza. Mama wa bibi harusi wa mwezi ule alituma salamu kwamba wamepata jamaa wa kuwasaidia kupika, asijisumbue. Wiki ya pili palikuwa na hitima, na mwaliko uliomfikia ulikuwa wa kwenda kukaa na wanawake, si wa kushika mwiko. Sahani ya mahamri aliyompelekea jirani ilirudi jioni imefunikwa vile vile alivyoifunika. "Lisemwalo lipo," wanawake walisema kisimani, "na kama halipo li njiani laja." Walisema kwa huzuni, maana walikuwa wakimpenda.

Mselem alianza kula kwa dada yake kila siku, mlango wazi, amekaa pale wapitao wanaweza kumwona akimeza. Wapitao walimwona. "Ni kakake," walisema. "Angefanyaje?"

"Kaka," Mwanamkisi alimwuliza siku moja, "ni wewe uliyempa mwalimu mambo yangu?"

"Nalimwambia kufa kwa Gharib. Hayo mengine ameyatia yeye."

"Basi nenda ukamwambie ayatoe."

Akaenda. Mwalimu Ndirangu alikuwa nyumbani kwake anasahihisha madaftari, na alipomwona alifurahi kweli kweli. Alitoa barua kutoka Mombasa. Msomaji yule yule wa zamani alikuwa ameandika kusema hajakuta kosa hata moja.

"Mwalimu," Mselem alisema, "hakuna mtu anayekula kwa dada yangu."

Akamweleza yote. Mwalimu aliweka kalamu chini.

"Lakini Mzee, hii ni riwaya. Ni hadithi tu. Kila mtu anajua."

"Nani kila mtu?"

"Na jina nimebadilisha. Nimemwita Mwanashee."

"Umebadilisha jina, mlango ukauacha."

Mwalimu hakuwa mtu wa kiburi, na hilo ndilo lililofanya maneno yake yaume zaidi. "Nilikuwa nimeandika kifo cha kadari, kama ulivyonieleza," alisema. "Mchapishaji akakataa. Alisema msomaji hataki kadari, anataka muuaji. Nikakaa nikifikiri, nani? Mwanzoni nilitaka awe mvuvi. Ingekuwa rahisi, mvuvi mwenye haraka, asiyemtupia kunguru ini. Lakini haikuwezekana, Mzee. Nilikuuliza mara tatu. Kunguru alikula. Mwanamke ndiye aliyebaki."

"Na kama hakula?" Mselem aliuliza.

Mwalimu alimtazama. Alikuwa mwepesi wa akili, akaelewa bila kuelezwa. Mselem alingoja amlaani, au angalau amtaje Mwanamkisi. Badala yake aliuona uso wa mtu aliyegundua kosa kitabuni mwake baada ya kitabu kuchapwa.

"Basi sura ya tisa yote haisimami," Mwalimu alisema. Kisha, polepole, "Nitaandika kwa mchapishaji. Wakichapa tena, tutaona." Aliikunja barua ya Mombasa akairudisha mfukoni.

Ijumaa, watu walipomaliza kusali, Mselem alisimama mbele ya Maalim Lali na wote waliokuwapo.

"Kunguru hakula," alisema. "Sikumtupia. Kulikuwa na mvua, nikawa na haraka. Nyama ile nilimpa dada yangu bila kuijaribu, naye hakuuliza kwa sababu haulizi mtu. Gharib nimemwua mimi. Mwanamkisi hana kosa."

Alikuwa amejiandaa kwa lolote. Alijiandaa kutemewa mate, kufukuzwa, kudaiwa damu. Hakujiandaa kwa macho yale ya upole.

"Kaa, Mselem," Maalim Lali alisema. "Twajua wampenda nduuyo."

"Sisemi kwa mapenzi. Nasema ndivyo ilivyokuwa."

"Siku ya maziko ya Gharib nilikuwapo. Wewe ulisema kunguru alikula, na siku ile hakuna aliyekuwa amemtuhumu mtu. Neno lile halikuwa na sababu ya kuwa uwongo. Neno la leo lina sababu, tena twaiona, imekaa nyumba ya tatu. Kaka kumshuhudia dada haikubaliki, nawe umesoma kwangu, wajua."

"Nitaapa, Maalim."

"Usiape. Usimwokoe mtu kwa kujitia motoni."

Shee Mbwana, bila ubaya, alifungua kitabu ukurasa wa kwanza na kumwonyesha kwa kidole pale palipoandikwa kwamba Mzee Mselem Famau alihakikisha kila jambo. Mtu mwingine alimpiga bega. Walipotoka alisikia wakisema kwamba siku hizi ndugu wa namna hii hawapatikani tena. Walimwamini alipodanganya, aliposema kweli wakamwonea huruma, na wakamheshimu kuliko walivyomheshimu maisha yake yote. Mselem alitembea njia yote akiona afadhali wangempiga mawe.

Habari za msikitini hufika majikoni kabla ya waliosali hawajavaa viatu. Alipofika nyumba ya tatu, chakula kilikuwa tayari mkekani, wali na samaki wa kupaka, sahani moja. Mwanamkisi alikuwa amekaa kando yake. Mselem alinawa mikono kwenye birika, akakaa.

"Ulosema msikitini ni kweli?" Mwanamkisi aliuliza.

"Ni kweli."

"Hawakukuamini."

"La."

"Mimi nimekuamini."

Moyo wa Mselem ulifunguka, mjinga yule. Alidhani amefika. Akainua uso amtazame, ndipo akaona kwamba dada yake hakuwa akilia.

"Miaka sita," Mwanamkisi alisema. "Kila chungu nikipakua karamuni, nalionja mimi kwanza, kisha nikakaa kando nikingoja, kuona kama nitakufa, kabla mtu hajala. Watu wakinambia nafanya maringo. Nalidhani ni mkono wangu, Mselem. Nalidhani ni nazi, au ni kutu, au ni dhambi nilofanya nisiyoijua. Nawe waya hapa, wala chakula changu, wasifu mtuzi, wanambia ni kadari."

"Naliogopa."

"Najua uliogopa. Na yule mwalimu je, ulimwogopa naye? Alikuuliza mara tatu. Mgeni, hana ukoo na Gharib, akuuliza mara tatu. Mimi hukunambia hata mara moja, na mimi sikukuuliza, kwa kuwa ni aibu mtu kumwuliza mvuvi."

Mselem alisema amsamehe. Alilisema mara ya pili.

Mwanamkisi aliivuta sahani kutoka mbele yake, akaifunika kwa kawa.

"Watu wa muyi huu hawali kwangu kwa kosa nisilolifanya," alisema. "Wewe hutakula kwangu kwa kosa ulilolifanya."

Mikono ya Mselem ilikuwa bado imelowa. Akaipangusa kwenye shuka lake, akainuka, akatoka.